Pistoni Nne Zilizong'aa

Saa tisa alasiri, Ijumaa ya kufunga viwanda, pistoni nne za gari la Wilf Entwistle ziling'aa kama vijiko vya harusini. Hazikutakiwa kung'aa.

Wilf alikuwa kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba, sare ya posta bado mwilini, gasketi mpya mkononi. Alikuwa ameinua boneti na kufunua shuka kuukuu alilofunikia injini jana yake. Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikaa juu ya beseni la kufulia, nayo imesuguliwa mpaka chuma chake kimekuwa cha kijivu safi. Mkewe, Hettie, alisimama kwenye lango la ua akijifuta mikono kwa aproni, akisubiri neno.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Jana ulichoka, maskini. Uliacha duara jeusi pembeni mwa kila moja. Zote nne! Nikasema, mtu amebeba barua tangu alfajiri, akirudi anapambana na chuma, atakosa kuchoka? Basi leo kiwanda kilipotuachia adhuhuri, nikaja moja kwa moja kukumalizia."

"Umetumia nini?"

"Sufi ya chuma na unga wa kusugulia sufuria. Pembeni niliziba kwa kitambaa, usidhani sijui, hakuna hata punje iliyopenya chini. Mwisho nikapitisha mafuta ya taa. Jitazame humo, Wilf. Unaweza kunyolea ndevu."

Wilf aliinama akajitazama. Kwenye pistoni ya pili aliona paji la uso wake na ukingo wa kofia.

"Kazi safi," alisema.

Duara lile halikutokana na uchovu. Gari lilitengenezwa mwaka 1934, na sasa ulikuwa mwaka 1953. Silinda zake zilikuwa zimelika, na ringi za pistoni hazikujaza tena nafasi iliyokuwa imeachwa. Kilichoijaza ni masizi. Katika injini nzee, masizi magumu yanayoganda kwenye ukingo wa pistoni huzuia oili isipande kwenda kuungua pamoja na petroli. Kwa hiyo anayekwangua masizi ya gari la namna hiyo huweka ringi ya zamani juu ya pistoni kama kipimo, hukwangua ndani yake kwa kijiti cha mti, na ukingo huuacha kama ulivyo. Kila mwanamume wa mtaa ule aliyewahi kufungua injini yake mwenyewe alilijua hilo. Duara likiondolewa hujijenga upya, lakini hujijenga kwa safari za miezi, na hakuna mkono unaoweza kulirudisha.

Hettie naye alikuwa na elimu yake. Katika Colne, mji wao wa viwanda vya pamba, ngazi ya mlangoni husuguliwa kila Ijumaa kwa jiwe laini la rangi ya maziwa, ambalo mnunuzi wa matambara huwapa akina mama badala ya malipo. Mstari wa jiwe lazima ufike ukingoni. Mwanamke anayesugua katikati na kuacha pembeni husemwa, na husemwa hadi mtaa wa pili. Hettie Entwistle hakuwahi kusemwa. Alipoona pistoni zimesuguliwa katikati na kuachwa pembeni, alijua afanye nini.

Wilf hakumwambia. Kumwambia kusingerudisha masizi, na kulikuwa na jambo moja tu lililobaki la kufanywa: kufunga hedi na kwenda.

Safari yenyewe haikuwa ya starehe. Baba yake Hettie, Jabez Pickup, alikuwa ametumia ujana wake katika chumba cha kuchambulia pamba, na vumbi likampa kifua. Miaka iliyofuata aliitumia kwenye mashine za kufuma, na makelele yakamwondolea masikio. Majira ya baridi yaliyopita alilala ameketi, kwa sababu akijinyoosha pumzi humkatika. Daktari alimpatia kitanda katika nyumba ya wagonjwa wa kifua huko Grange, kando ya ghuba, na alieleza bila kuzunguka: kitanda kingemngoja hadi Jumamosi saa sita mchana, kisha kingepewa anayefuata kwenye foleni. Kingine hakingepatikana kabla ya baridi. Daktari hakusema kama Jabez angeivuka baridi nyingine. Hettie alimuuliza, naye akaangalia dirishani.

Treni haikufaa. Jumamosi hiyo mji mzima ungekuwa stesheni, viwanda vikiwa vimefungwa kwa wiki ya mapumziko, na watu husimama kwenye vijia vya mabehewa mpaka baharini. Jabez hakuweza kusimama kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Lilibaki gari. Na gari, mwezi Juni, lilishindwa kilima kidogo likiwa na watu watatu; liligonga ndani kama mtu anayebisha hodi, likazimika. Masizi yalikuwa yamejaa. Ndiyo maana Wilf alilifungua.

Alifunga hedi, akakaza nati kuanzia katikati kwenda nje, akajaza maji, akaweka plagi mpya, akapiga hendeli. Injini iliwaka mara ya pili. Sauti ilikuwa nzuri na nguvu ilikuwa imerudi. Alizunguka mitaa miwili. Aliporudi, uchochoro wote ulikuwa na moshi wa bluu.

Clifford Pickup, kaka yake Hettie, alikuwa ameegemea ukuta. Alikuwa fundi wa gereji ya mabasi na alikuja kumuaga baba yake.

"Shemeji! Nani kafariki? Naona umefukiza ubani."

"Ni mafuta ya taa yaliyobaki ndani. Yataisha."

"Mafuta ya taa hayana rangi hiyo." Clifford aliinama, akaingiza kidole kwenye bomba la moshi, akakinusa. "Hii oili. Duara uliliacha?"

Wilf alitazama dirisha la juu. Hettie alikuwa anakunja mashati ya baba yake.

"Nilipitiwa," alisema. "Nilianza kusugua nikanogewa."

"Ukanogewa!" Clifford alishika mbavu. "Mtu hanogewi na pistoni, shemeji. Mtu hunogewa na bia. Mimi nimeandaa mabasi arobaini ya wiki ya mapumziko na hakuna hata moja lililonipa moshi huo. Sasa kesho utamfikisha baba yangu, au utambanika njiani kama samaki?"

"Nitamfikisha."

"Na kile kilima cha Buckhaw?"

"Kupanda si tatizo."

"Najua kupanda si tatizo," Clifford alisema, na safari hii hakucheka. Alifungua mlango wa gari, akaweka kopo la galoni moja la oili chini ya kiti. "Ya gereji. Hujaniona." Kisha akaingia ndani kumuaga baba yake, na alipotoka upande wa mbele alimsimulia jirani, Ivy Crabtree, jinsi fundi wa posta alivyonogewa.

Asubuhi Hettie alitoka na kikapu cha chakula akamkuta Ivy amesimama kwenye ngazi yake, mama mkwe wake pembeni.

"Hettie, shoga, nasikia mumeo kaiua injini."

"Injini ile ni safi kuliko sahani zako, Ivy."

"Kumbe! Ndiyo maana inavuta sigara."

"Inavuta sigara kwa sababu iko likizo. Wewe ngojea basi lako la abiria."

Ndani ya gari aliuliza, "Clifford anasema nini mtaani?"

"Anasema kuna kitu nimekosea," Wilf alijibu.

"Kitu gani?"

"Cha ndani."

"Ndani nimesafisha mimi. Kwa hiyo hakuna."

"Hakuna," Wilf alikubali, akatia gia.

Waliondoka saa moja. Jabez alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti, kofia yake nzuri kichwani. Hettie alikaa nyuma pamoja na sanduku, kikapu na blanketi. Mpaka Gisburn barabara ilikuwa tupu na gari lilikwenda vizuri. Wilf alisimama mara moja kuongeza oili. Akasema anakagua maji.

Kilima cha Buckhaw kiko baada ya Settle. Gari lilikipanda kwa gia ya pili bila kugonga hata mara moja, watu watatu na sanduku, na juu kabisa Jabez alipiga dashibodi kwa kiganja kama anayempongeza farasi. Wilf aliachia mafuta wakaanza kuteremka. Chini, alipokanyaga tena, gari lilishtuka. Silinda moja ilikuwa imekufa, halafu mbili. Waliingia pembezoni, kando ya ukuta wa mawe, wakasimama.

Plagi zilitoka zimelowa, nyeusi. Wilf alizisugua kwa brashi ya waya, akazikausha, akazirudisha. Injini iliwaka. Wingu lilivuka ukuta likawafikia kondoo. Walikwenda maili chache, ukaja mteremko mwingine, na chini yake plagi zililowa tena. Saa ilikuwa inaelekea tatu na nusu, nao hawajafika hata Ingleton.

Mara hii Jabez alishuka. Ilimchukua muda. Alisimama kando ya boneti iliyoinuliwa, mkono mmoja kwenye madigadi, akaitazama plagi iliyokuwa mkononi mwa mkwewe.

Hakutoa sauti. Katika vyumba vya kufuma sikio halifanyi kazi, na watu husemezana kwa midomo, kila neno likichongwa usoni ili lionekane ng'ambo ya mashine. Jabez alizungumza hivyo maisha yake yote ya kazi, na tangu alipopoteza masikio hakuwa na njia nyingine ya kumsikia mtu. Wilf alitoka familia ya wakulima, upande wa Skipton. Alijifunza lugha hiyo baada ya kuoa, na aliizungumza kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

"Ilisuguliwa mpaka pembeni," midomo ya Jabez ilisema.

"Ndiyo."

"Si wewe. Mwaka juzi nilikaa uani nikakutazama. Uliweka ringi ya zamani juu, ukakwangua kama mtu anayepima dawa."

Wilf aligeuka kulitazama gari. Vioo vilikuwa vimepandishwa kwa sababu ya moshi. Lori lilikuwa linapita. Alipanua midomo yake kadiri alivyoweza.

"Ni Hettie. Alidhani nimeiacha kazi nusu. Usimwambie, Baba. Amefurahi."

"Clifford anakucheka mtaa mzima."

"Acha acheke. Sisi wa posta tumezoea kubwekewa na mbwa."

Jabez alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na alishika madigadi mpaka kikapita.

Kioo cha mbele cha gari kilikuwa safi, na boneti, iliyoinuliwa upande mmoja tu, haikukiziba. Hettie alikuwa amekifuta mwenyewe asubuhi. Alikuwa mfumaji kwa miaka kumi na minane, na aliweza kusoma midomo ya mtu aliye mwisho wa chumba, ndani ya vumbi la pamba, huku mikono yake inaunga uzi uliokatika. Wilf alilijua hilo vizuri. Wakati ule hakulikumbuka.

Mlango ulifunguliwa. Kiti cha mbele kilisukumwa, sanduku likasogezwa, na Hettie akatoka.

"Amefurahi," alisema kwa sauti. "Eti amefurahi!"

Wilf aliinuka ghafla akajigonga kichwa kwenye boneti.

"Hettie..."

"Nyamaza. Tangu jana naringa. Nimemwambia Ivy Crabtree injini yetu ni safi kuliko sahani zake. Mbele ya mama mkwe wake, Wilf! Na wewe umekaa pale unanitazama, unatafuna mkate."

"Ningekuambia, ungefanyaje?"

"Ningelia. Kisha ningekuuliza tufanye nini. Sasa nalia barabarani, watu wa mabasi wananitazama."

Hakuwa analia. Alikuwa anakunja mikono ya koti lake la likizo.

"Hilo duara linarudi?"

"Lenyewe. Baada ya safari nyingi."

"Kabla ya saa sita leo?"

"Hapana."

"Basi tuache kulifanyia matanga. Sikiliza. Mimi nimekaa nyuma, na natazama kioo cha nyuma kwa sababu mbele kuna kichwa chako. Tukipanda, moshi hakuna. Tambarare, kidogo. Tukiteremka, hakuna kabisa. Halafu chini, ukikanyaga tu, linatoka wingu zima. Oili haiingii ukiwa unakanyaga. Inaingia ukiwa umeachia."

Wilf aliifuta plagi polepole. Ilikuwa kweli. Pedali ikiachiwa, injini bado inazunguka na bado inavuta. Ikikosa hewa ya kutosha juu, huvuta oili iliyo chini. Alikuwa amelisikia hilo kwa watu na hakuwahi kulihitaji.

"Basi nisiachie yote," alisema.

"Usiachie yote. Weka mguu kidogo."

"Breki za gari hili ni za waya, Hettie. Zitachemka."

"Zitachemka, zitapoa. Plagi za zamani ziko wapi? Zile ulizotoa?"

"Kwenye kopo la spana."

"Nipe, na brashi. Wewe endesha na hizi, mimi nasugua zile. Zikilowa hizi, tunabadilishana, hatukai tena dakika ishirini kwenye ukuta wa watu. Kusugua najua, au sijui?"

Jabez alikuwa amewatazama wote wawili, mdomo kwa mdomo. Sasa alitumia sauti yake, ambayo hakuwa na njia ya kuipima.

"HILO HALINA UBISHI!"

Kondoo waliinua vichwa.

Kuanzia hapo walikwenda kwa utaratibu. Hettie alitandaza gazeti juu ya koti lake, plagi nne mapajani, akasugua. Kila mteremko Wilf aliweka mguu mmoja kwenye breki na wa pili kwenye mafuta, na gari lilishuka likilalamika. Chini alisimama, akatoa zilizolowa, na mkono mweusi ukamfikia kutoka nyuma na nyingine kavu. Jabez alipewa kazi ya kushikilia spana. Aliishikilia kwa mikono miwili.

"Wilf," Hettie alisema walipopita Kirkby Lonsdale.

"Naam."

"Siku nyingine ukinificha jambo eti kwa sababu nimefurahi, nitakusugua wewe."

"Kwa unga wa sufuria?"

"Na sufi ya chuma."

"Mpaka pembeni?"

"Pembeni ndiko nitakakoanzia."

Alimpitishia kipande cha pai ya viazi na nyama juu ya bega. Kilikuwa na alama ya kidole cheusi. Wilf alikila chote. Baadaye Hettie aliuliza, kwa sauti ya chini kuliko injini, "Ile injini ilikuwa imependeza lakini, siyo?"

"Nilijiona mpaka kofia."

"Basi."

Karibu na Levens, kwenye tambarare inayoelekea ghuba, plagi moja ilipasuka kauri, na nyingine kavu haikuwepo. Wilf alitaka kusimama. Hettie aliinama mbele akatazama saa ya baba yake.

"Zimebaki ngapi zinazofanya kazi?"

"Tatu."

"Tatu zinatosha. Nenda."

Waliingia Grange kwa silinda tatu, gari likitikisika kama mashine ya kufuma iliyolegea, wingu la bluu likiwafuata barabara nzima ya kando ya maji. Watu waliokuwa wanatembea waligeuka. Nyumba ya wagonjwa ilikuwa juu kidogo ya barabara, na njia ya kokoto ilipanda kutoka langoni hadi mlangoni. Kwenye baraza ndefu wagonjwa walikuwa wamelazwa kwenye viti, mablanketi kifuani, nyuso zimeelekea bahari.

Wilf alizima injini langoni.

"Unazimia nini hapa?" Hettie alisema. "Bado robo saa tu!"

"Tazama pale juu."

Alitazama. Kisha akatazama nyuma, ambako moshi wao wenyewe ulikuwa bado haujatawanyika.

"Watu wa vifua," alisema.

"Watu wa vifua. Tukipita nao na moshi huu..."

"Baba hawezi kukipanda hicho kilima kwa miguu."

"Hapana."

Walitazamana. Hettie alifungua mlango, akashusha sanduku, akashusha kikapu, akashusha blanketi, akaviweka vyote kwenye nyasi. Kisha alizunguka mbele ya gari, mahali ambapo baba yake angemwona vizuri, akachonga maneno kwa midomo: ahamie kiti cha dereva, ashike usukani, aelekeze mlangoni.

Jabez alijibu kwa sauti. "MIMI SIJAENDESHA HATA BAISKELI!"

"Utaanza leo," midomo ya Hettie ilisema. "Usikanyage chochote."

Walisukuma. Gari lilikuwa dogo, Jabez hakuwa na uzito wa kutajwa, lakini kokoto zilikuwa nene na njia ilipanda. Wilf aliweka bega kwenye nguzo ya mlango. Hettie aliweka viganja vyote viwili nyuma, na popote aliposhika palibaki alama. Walisogea, wakapumzika, wakasogea. Kila walipopumzika Wilf aliweka jiwe chini ya gurudumu. Baraza nzima iliamka.

"Kushoto, mzee! Kushoto!"

"Hapana, kulia! Utaingia kwenye mawaridi!"

"Anakwenda vizuri kuliko basi la Morecambe!"

Jabez hakusikia hata mmoja. Alikuwa ameukamata usukani, kidevu juu, macho mlangoni. Wagonjwa wawili waliovaa makoti ya kulalia walishuka ngazi kuja kusaidia. Mwanamke mrefu mwenye kofia nyeupe, matroni wa nyumba ile, alitokea nyuma yao.

"Bwana Tattersall, rudi kitini! Na wewe! Nani amewaruhusu?" Wale wawili walirudi. Matroni aliteremka kwa hatua za haraka. "Na nyinyi mna nini? Hamna injini?"

"Tunayo, Matroni," Wilf alisema, pumzi juu juu. "Inatoa moshi. Tumeizima kwa ajili ya vifua vyao."

Matroni alitazama langoni, ambako hewa bado ilikuwa na rangi. Alitazama mikono ya Hettie, na koti.

"Nani amefanya hivyo kwenye injini?"

"Mimi," Hettie alisema. "Niliisafisha."

Matroni alikunja mikono ya gauni lake mara mbili, kila upande, akasimama kando ya Hettie, akaweka viganja vyake karibu na vile vyeusi.

"Nikihesabu tatu," alisema.

Gari lilipanda kipande kilichobaki bila kupumzika. Gurudumu la mbele la kushoto liliingia kwenye ukingo wa mawaridi na kutoka. Mbele ya mlango Wilf alipiga kelele "Breki!" Kisha akakumbuka, akakimbia mbele ya kioo na kulisema kwa midomo. Jabez alivuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Gari lilisimama.

Matroni alijifuta mikono kwenye aproni, ikabaki nyeusi. Aliinua saa ndogo iliyobanwa kifuani pake, akaisoma. Akaja dirishani.

"Pickup? Jabez Pickup?"

Jabez alimsoma midomo. "NDIYE MIMI!"

"Umewahi," matroni alisema, akamfungulia mlango.

Jabez alishuka, akaushika mkono wa matroni, akaingia ndani.